Kuuza nyumba yako ili upange karibu na kazi: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Anayeondoka nyumbani alfajiri na kurudi watoto wamelala hahitaji kuambiwa kwamba nyumba yake iko mbali. Anachotaka kujua ni kama kuiuza kutamponya au kutamletea jeraha jingine. Mimi niliuza yangu baada ya miaka tisa ya safari za namna hiyo. Nililojifunza ni kwamba uamuzi huu unategemea kuliko kitu kingine namba moja ambayo wengi hawaiandiki popote: utafanya kazi hapo kwa miaka mingapi zaidi. Hatua zilizo hapa chini zinaizunguka namba hiyo.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Nikisema *pango* nina maana ya fedha anayolipa mpangaji, na nikisema *kodi* nina maana ya ile inayokwenda serikalini. Maneno haya mawili yakichanganyika, hesabu nayo huchanganyika.

## Hatua ya 1: Ipime safari kabla ya kuilaumu nyumba

Chukua daftari, na kwa wiki mbili andika saa unayofunga mlango wa nyumbani na saa unayokaa kwenye kiti chako cha kazi. Jioni fanya vivyo hivyo. Usitumie muda unaoonyeshwa na ramani ya simu, kwa sababu ramani haihesabu kutembea hadi kituoni, kusubiri, kutafuta maegesho, wala zile dakika ishirini unazotoka mapema kwa kuogopa kuchelewa.

Tuseme umepata dakika 45 kwenda na 45 kurudi, na unakwenda kazini siku 230 kwa mwaka. Hizo ni saa 345, sawa na siku 43 za kazi za saa nane nane. Karibu miezi miwili ya ajira, kila mwaka, ukiwa njiani.

Andika pia fedha: nauli au mafuta, matairi, maegesho, mlo unaonunua kwa sababu umechelewa kufika nyumbani, na malipo ya mtu anayekaa na watoto hadi urudi. Kisha izungushie duara siku mbaya kuliko zote katika wiki hizo mbili. Wastani wa safari huvumilika. Kinachomchosha mtu ni kutojua kama leo ni dakika 40 au saa mbili.

Wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey walichambua takwimu za miaka mingi kutoka Ujerumani na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008. Kinadharia, mwenye safari ndefu anapaswa kuwa amefidiwa kwa mshahara mzuri au kwa nyumba nzuri ya bei nafuu. Walichokikuta ni kwamba wenye safari ndefu walisema hawaridhiki na maisha yao kama wenye safari fupi, ikiwa ishara kwamba fidia hiyo haitoshi. Naamini sababu yake ni rahisi: sebule kubwa mtu huizoea ndani ya mwezi mmoja, lakini foleni haizoeleki.

## Hatua ya 2: Fanya hesabu kwa nyumba yenye thamani ya 100

Hapa ndipo pa kukaa sana, kwa hiyo usiharakishe. Ili hesabu imfae mtu yeyote, chukulia nyumba yako ina thamani ya 100, na kila kitu kingine ukiandike kama sehemu ya hiyo 100. Namba nitakazotumia ni za mfano. Weka zako.

Anza na gharama ya kuondoka, inayolipwa mara moja tu. Dalali, wakili na marekebisho madogo vinachukua 6. Benki inatoza 1 kwa kumaliza mkopo kabla ya muda. Kuhama na kuanza maisha mapya kunachukua 2. Jumla ni 9. Kama deni lililobaki ni 40, ukiuza utabaki na 51 mkononi.

Sasa gharama ya kubaki kwa mwaka. Matengenezo ni 1. (Asilimia moja ya thamani ya nyumba kwa mwaka ni kanuni ya makadirio inayotumika sana, na kwa nyumba kuukuu ni ndogo.) Kodi ya jengo na bima ni 1. Riba ya mkopo, kwa asilimia 8 ya 40, ni 3.2. Kisha kuna gharama isiyoonekana: ile 51 ambayo ingekuwa mahali pengine ikizaa, tuseme asilimia 7, yaani karibu 3.6. Jumla ni 8.8. Lakini tuwe waadilifu: nyumba nayo hupanda thamani. Ikipanda kwa asilimia 4, toa 4, unabaki na 4.8. Ongeza 1.2 ya nauli na mengine ya safari. Kubaki kunakugharimu 6 kwa mwaka.

Gharama ya kupanga: pango 5.5 na usafiri mdogo 0.1. Jumla 5.6.

Tofauti ni 0.4 tu kwa mwaka, na umetumia 9 kuipata. Kifedha, basi, nyumba hii haifai kuuzwa. Watu wengi wakifika hapa hufunga daftari. Usifunge, kwa sababu bado hujazihesabu zile saa 345.

Kama utakaa karibu na kazi miaka mitano, ile 9 igawanye kwa 5 upate 1.8 kwa mwaka. Toa 0.4 unayookoa, inabaki 1.4. Hiyo ndiyo bei unayolipa kila mwaka kununua saa 345. Tuseme mshahara wako wa mwaka ni 20, yaani nyumba ni sawa na mishahara ya miaka mitano. Kwa saa 1,840 za kazi kwa mwaka, utaona kwamba kila saa unayoirudisha inakugharimu chini ya asilimia 40 ya mshahara wako wa saa moja. Wachumi wa usafiri mara nyingi hukadiria kwamba saa ya kusafiri ina thamani ya takriban nusu ya mshahara wa saa. Kwa kipimo hicho, uza.

Lakini badilisha mwaka. Ukikaa miaka minne, bei ya saa moja inafika karibu nusu kamili ya mshahara, yaani uko mpakani. Ukikaa mitatu, inakaribia asilimia 70. Ukikaa miwili, unalipa zaidi ya mshahara wako mzima wa saa kwa kila saa unayookoa. Nyumba ni ileile, kazi ni ileile, barabara ni ileile. Kilichobadilika ni muda utakaokaa.

Kwa hiyo jiulize kwa ukweli: mkataba wako wa kazi unakwisha lini? Ofisi ina mpango wa kuhama? Wewe mwenyewe unaipenda kazi hiyo kiasi cha kuikalia miaka minne? Kama hujui, usiuze bado. Endelea na hatua ya 3 na ya 4.

## Hatua ya 3: Jaribu njia nyepesi kwanza

Kabla ya kuuza, ongea na mwajiri. Siku mbili za kufanya kazi nyumbani kila wiki zinapunguza zile saa 345 hadi 207, bila kumlipa dalali wala wakili. Kubadilisha saa ya kuingia ili uikwepe foleni nako kunaweza kukurudishia nusu saa kwa siku. Omba kwa maandishi, na omba kipindi cha majaribio cha miezi mitatu, maana ni rahisi kwa msimamizi kukubali jaribio kuliko kukubali jambo la kudumu.

Njia nyingine ni kuipangisha nyumba yako na wewe kupanga karibu na kazi. Inavutia kwa sababu huipotezi nyumba. Ila unapata kazi ya pili: wewe ndiwe mwenye nyumba utakayepigiwa simu bomba likipasuka, na uko mbali. Katika hesabu yako toa mwezi mmoja wa nyumba kukaa tupu kila mwaka, toa matengenezo, toa kodi ya mapato ya pango, kisha uone kama kinachobaki kinalipa marejesho ya mkopo. Kama hakilipi, utakuwa unalipia nyumba mbili. Soma pia mkataba wako wa mkopo na wa bima. Mingi inadhani wewe unaishi ndani, na inataka upewe kibali kabla ya kumweka mtu mwingine.

Ushauri wangu: pangisha kama muda wako wa kazi hiyo haujulikani au ni chini ya miaka mitatu. Uza kama ni mrefu na huna nia ya kurudi.

## Hatua ya 4: Panga kwa majaribio kabla ya kuuza

Kama kuna hatua moja ninayokusihi usiiruke, ni hii. Tafuta chumba au nyumba ndogo yenye samani karibu na kazi, uikalie mwezi mmoja hadi mitatu huku nyumba yako ikiwa bado yako. Kama una familia, nao waje wakae angalau wiki mbili za kawaida, zisiwe za likizo.

Utalipa mara mbili kwa muda mfupi, ndiyo. Hiyo ni bima ya bei ndogo ukilinganisha na ile 9. Nyumba ya kwanza niliyotaka kupanga niliitazama Jumapili mchana, ikanipendeza mno. Nilipolala mtaa huo siku za kazi niligundua kwamba malori yanapita usiku kucha. Ningekuwa nimeshauza, ningeikubali tu kwa kukosa pa kwenda.

Katika mwezi huo angalia mambo ambayo hesabu haiyaoni. Je, ule muda ulioupata unakwenda wapi: kwenye usingizi, kwa watoto, au umerudi ofisini kwa sababu sasa huna kisingizio cha kuondoka? Mwenzako naye, safari yake imefupika au imerefuka? Mara nyingi saa anazopata mmoja huwa zimetoka kwa mwingine. Fanyeni hatua ya 1 kwa kila mtu wa nyumbani, pamoja na mwanafunzi, kisha jumlisheni.

## Hatua ya 5: Kusanya nyaraka na ridhaa

Uuzaji hukwama kwenye karatasi kuliko kwenye bei. Tafuta hati ya umiliki na uhakikishe jina lililoandikwa ni lako, limeandikwa sawasawa. Tafuta vibali vya chumba ulichoongeza, risiti za kodi ya jengo, ramani ya mipaka, na barua ya benki inayoonyesha deni lililobaki hadi tarehe fulani pamoja na ada ya kulimaliza mapema. Barua hiyo iombe kwa maandishi, maana salio unaloliona kwenye taarifa ya kila mwezi si lazima liwe kiasi kamili cha kumaliza deni.

Kama nyumba ni ya ndoa, ya urithi au ya ushirika, ridhaa ya wenzako ipatikane mapema na iandikwe. Katika nchi nyingi mauzo ya nyumba ya familia bila idhini ya mke au mume yanaweza kubatilishwa.

Kisha muulize mtaalamu wa kodi swali moja kabla ya kusaini chochote: nikiuza sasa nitalipa kodi kiasi gani kwenye faida, na nikiuza baada ya kuhama nitalipa kiasi gani? Nchi nyingi humpa nafuu anayeuza nyumba aliyoishi mwenyewe, lakini nafuu hiyo ina masharti ya muda, na inaweza kupungua au kupotea ukishaondoka au ukiipangisha kwa muda mrefu. Jibu linaweza kubadilisha mpangilio wa hatua zako zote.

## Hatua ya 6: Weka bei ya soko, si bei ya kumbukumbu

Mlete mthamini huru, na uulize madalali wawili au watatu nyumba zinazofanana na yako *zimeuzwa* kwa bei gani. Bei za matangazo ni matumaini ya watu tu.

Ugumu wa hatua hii uko moyoni. Mwaka 2001 David Genesove na Christopher Mayer walichapisha uchunguzi kuhusu wauzaji wa nyumba mjini Boston katika miaka ya 1990, soko liliposhuka. Waliokuwa wanakaribia kuuza kwa hasara walitangaza bei za juu kuliko wenzao, na nyumba zao zikakaa sokoni muda mrefu zaidi. Mnunuzi hajui ulilipa kiasi gani, wala hajui mti ule ulipandwa siku mtoto alipozaliwa. Kwako kila mwezi wa kusubiri una gharama inayojulikana: gawanya ile 6 ya kubaki kwa 12, upate 0.5. Ukikataa ofa ya 97 ukaja kupata 99 baada ya miezi minne, hukupata kitu, na saa 115 zimeishia barabarani.

Marekebisho yawe yale yanayoonekana na yale yanayotisha: rangi, uvujaji, umeme unaocheza, mlango usiofunga. Usijenge jiko jipya kwa ajili ya mtu usiyemjua. Kasoro kubwa unayoijua iseme, ipunguze kwenye bei na iandikwe mkatabani. Ukiificha inaweza kukurudia kama kesi.

## Hatua ya 7: Mkataba wa mauzo na njia ya fedha

Uwe na wakili wako mwenyewe, si wa mnunuzi, na si yule "wa wote wawili" anayependekezwa na dalali. Mkataba utaje arbuni ni kiasi gani na itakuwaje upande mmoja ukijitoa, nani analipa kodi na ada zipi, vitu gani vinabaki ndani, na tarehe ya kukabidhi. Kwa anayehamia kupanga, tarehe hiyo ndiyo ya kupigania: omba nafasi ya wiki nne hadi sita kati ya malipo na kukabidhi, au haki ya kubaki kama mpangaji wa mnunuzi kwa mwezi mmoja. Nafasi hiyo inakuokoa usipange nyumba yoyote kwa pupa.

Funguo zisitoke mkononi kabla fedha haijaonekana kwenye akaunti yako au ya wakili, na imethibitishwa na benki yenyewe. Kuna utapeli unaojirudia katika nchi nyingi: siku chache kabla ya malipo, barua pepe inayofanana kabisa na ya wakili inasema namba ya akaunti imebadilika. Kubalianeni mapema kwamba namba haitabadilishwa kwa barua pepe, na kila malipo yathibitishwe kwa kupiga simu kwa namba mliyokuwa nayo tangu mwanzo.

## Hatua ya 8: Mkataba wa pango

Umezoea kuwa mwenye nyumba, na sasa usalama wako umo ndani ya karatasi chache. Zisome zote. Kwako wewe, maswali mazito ni manne: mkataba ni wa muda gani, pango linaweza kupandishwa lini na kwa kiasi gani, notisi ni ya miezi mingapi kwa kila upande, na mwenye nyumba akiuza itakuwaje.

Jaribu kupata mkataba wa miaka miwili wenye kipengele kinachokuruhusu wewe kuondoka kwa notisi ukipoteza kazi au ukihamishwa. Ulipanga kwa ajili ya kazi, na kazi ikiondoka usibaki umefungwa. Mwenye nyumba anayetaka mpangaji mtulivu mara nyingi hukubali, na ukimwonyesha kwamba utakaa muda mrefu unaweza kupunguziwa pango.

Usimwambie kwamba umetoka kuuza nyumba. Ataanza kutaka pango la mwaka mzima mkupuo, nawe ukiwa na fedha nyingi mkononi utaona ni jambo dogo. Fedha uliyolipa mbele ndiyo nguvu yako ya kudai matengenezo, na ikishatoka haipo tena.

Siku ya kuingia piga picha kila ukuta, kila bomba na kila mita, uzitume kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo ili ziwe na tarehe. Siku ya kudai amana yako, ile fedha ya dhamana uliyomwachia mwenye nyumba, utazihitaji.

## Hatua ya 9: Itenge fedha ya mauzo kabla haijafika

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hakuna mali inayokwisha kimyakimya kama fedha ya nyumba iliyouzwa. Nyumba ilikuwa inakulazimisha kuweka akiba kila mwezi kupitia marejesho ya mkopo. Pango halina lazima hiyo. Lazima uiweke mwenyewe.

Wiki moja kabla ya malipo, fungua akaunti tatu. Ya kwanza ni ya kodi inayodaiwa kwenye mauzo, na haiguswi. Ya pili ina matumizi ya miezi sita, pango likiwemo, kwa ajili ya siku kazi itakapokatika. Ya tatu ni ile nyumba yenyewe ikiwa katika umbo la fedha. Kama unakusudia kununua tena ndani ya miaka mitatu, iweke mahali salama, kwenye amana za muda maalumu au hati fungani za serikali za muda mfupi. Kama ni mbali zaidi ya hapo, sehemu yake inaweza kwenda kwenye uwekezaji unaopanda na kushuka. Angalia pia kikomo cha bima ya amana nchini mwako, yaani kiasi kinacholindwa benki ikifilisika, na kama fedha yako inakizidi, igawe kwenye benki zaidi ya moja.

Kisha weka agizo la kudumu benki: kila mwezi, kiasi kilekile kilichokuwa kinapunguza deni la msingi la mkopo wako kiende akaunti ya tatu. Ile hesabu ya hatua ya 2 ilichukulia kwamba 51 inazaa asilimia 7 na hailiwi. Ukiila, hesabu yote inageuka.

Watakuja ndugu na marafiki wenye shida na wenye mawazo ya biashara. Wengi wana haja ya kweli. Amua mapema, pamoja na mwenzako, kiasi mtakachotoa na mkitoe kwa moyo. Zaidi ya hapo jibu liwe kwamba fedha hiyo ni nyumba, haijabadilika kuwa kitu kingine.

## Hatua ya 10: Kuhama

Soma mita za maji na umeme siku ya kukabidhi, mnunuzi asaini. Bima ya nyumba usiikatishe hadi umiliki uhamishwe rasmi, kisha chukua bima ya vyombo vyako kwenye nyumba ya kupanga. Badilisha anwani kazini, benki, shuleni na kwenye mamlaka ya kodi. Vitu visivyoingia kwenye nyumba ndogo viuze au vigawe kabla ya kuhama. Kulipia ghala la kutunzia makochi ni kulipa pango la pili.

Siku ya kwanza ya kwenda kazini kutoka nyumba mpya, fungua lile daftari la hatua ya 1 uandike saa ya kufunga mlango na saa ya kukaa kitini. Fanya hivyo wiki mbili. Ukurasa unaofuata andika tarehe ya leo ya mwaka ujao, na chini yake namba tatu za kukagua siku hiyo: pango jipya, salio la akaunti ya tatu, na miaka unayodhani imebaki katika kazi hiyo.